Msoma Mita Ameondoka: Uhakiki wa Lugha ya Vielelezo vya Vipimio vya Mtandao

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha inayotumika katika vielelezo vya vipimio vya mtandao, yaani vile vyombo vya kupimia maji, umeme, mvua na mfano wa hayo, ambavyo havingoji mtu aje kuvisoma bali hupeleka vipimo vyavyo kwa mawimbi ya simu hadi kwenye kiwambo cha ofisini au cha simu ya mkononi. Katika makala haya neno kipimio litatumika kwa chombo chenyewe, na neno kipimo kwa thamani inayopatikana baada ya kupima. Tofauti hii ni ndogo, lakini msomaji ataona hapo mbele kwamba makosa tunayoyashutumu yalianzia mahali ambapo tofauti ndogo kama hii ilipuuzwa.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, kazi ya istilahi nchini imekwenda kwa njia ya orodha. Neno la kigeni huwekwa upande mmoja, na neno la Kiswahili upande wa pili. Njia hiyo imetufaa sana. Vyeo, idara, zana na masomo ya shule vilipata majina kwa njia hiyo, na mfasiri aliyekaa mezani na karatasi yake hakuhitaji zaidi. Lakini kielelezo cha vipimio si barua wala si kitabu. Maneno yake ni machache, yamekaa kando ya mstari, nguzo au duara la rangi, na msomaji wake hana mtu wa kumwuliza. Hoja ya makala haya ni kwamba istilahi ya kielelezo haiwezi kupimwa kwa kulinganishwa na neno la kigeni ililotoka. Ipimwe kwa swali ambalo msomaji amekuja nalo.

2. Kazi ya msoma mita

Kabla ya vipimio hivi, alikuwapo msoma mita. Alikuja mlangoni na daftari, akainama, akasoma tarakimu, akaandika. Wengi walidhani kuwa kazi yake ilikuwa kuandika tu. Lakini mwenye nyumba alimwuliza: “Mbona mwezi huu umepanda?” Naye alijibu kwamba labda bomba linavuja nyuma ya nyumba, au kwamba mwezi uliopita hakukuta mtu akakadiria. Hivyo msoma mita alikuwa pia mfasiri. Aliigeuza tarakimu ikawa habari, na kwa kuwa alikuwa binadamu, alieleza tena pale ambapo hakueleweka.

Leo kipimio kinajisoma chenyewe. Hakuna anayeinama wala anayeulizwa. Kwa hiyo kazi yote ya kufasiri, ambayo zamani ilifanywa kwa mazungumzo mlangoni, imeangukia mabega ya maneno machache yaliyoko kwenye kiwambo. Iwapo maneno hayo ni mabovu, mwananchi atabaki na tarakimu asiyoweza kuitumia wala kuipinga.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Masasi na Newala. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unaopitisha maji upesi, na juu yake mito na chemchemi ni adimu. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda huo. Mtu akisimama pale paitwapo Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini kabisa, lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni na kupanda tena na vyombo vichwani. Katika miaka ya 1950 maji yalianza kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni hadi juu ya uwanda, na kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, katikati ya vilima vyake vya mawe, nayo inayajua maji ya kungojewa. Mahali kama hapa, kujua kama tangi lina maji, na kama yatafika kesho, si jambo la anasa.

Tena wananchi wa kusini wanazo sababu za kutoamini kipimo wasichokisoma. Wao wenyewe wanalo neno kangomba, kwa ununuzi wa korosho uliofanywa nje ya utaratibu, kwa vipimo visivyo vya mizani halali, ambao umemwumiza mkulima kwa miaka mingi. Jamii ambayo imepata kulitungia jina udanganyifu wa kipimo itautazama kila mstari wa kiwambo kwa jicho la shaka, na ina haki ya kufanya hivyo.

3. Kielelezo kinachohakikiwa

Kielelezo kinachohakikiwa hapa ni rasimu ya kiwambo cha mradi wa maji wa kijiji, iliyotengenezwa na watu wa ng'ambo na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kina sehemu nne: kisima, tangi, mita za kuchotea maji, na mvua. Hatutamtaja mtengenezaji, kwani lengo letu si kumshitaki. Zaidi ya hayo, uaminifu unadai tuseme waziwazi kwamba orodha ya maneno iliyotumiwa katika rasimu hiyo, yapatayo arobaini, iliandaliwa na mwandishi wa makala haya. Makosa mengi yatakayotajwa hapa chini ni yake.

Wakati wa likizo mwandishi alichukua nakala ya rasimu hiyo iliyochapwa kwenye karatasi, akaenda nayo Masasi na Newala, akawaonyesha watu wachache: mwalimu wa shule ya msingi, mtunza pampu, na akina mama wawili wa kamati ya maji. Hayo yalikuwa mazungumzo tu, wala hayapewi hapa hadhi ya utafiti. Lakini yalitosha kumwonyesha mwandishi yale ambayo dawati halikumwonyesha.

Ni haki kwanza kuyataja mazuri. Maneno tangi, pampu, kujaa na kuvuja yalisomwa bila kusita, kwa sababu ni maneno ambayo watu wanayo tayari vinywani. Picha ya tangi iliyojazwa rangi kutoka chini kwenda juu ilieleweka na wote mara moja. Taabu ilianza pale ambapo neno lilitoka katika orodha.

4. Makosa yenyewe

(a) Kina

Sehemu ya kisima ina mstari uitwao “Kina cha maji”. Katika nakala tuliyokuwa nayo mstari huo ulikuwa ukipanda kutoka mita 38 hadi mita 44. Mwalimu wa Masasi aliutazama akasema, “Maji yameongezeka. Tunashukuru.” Alisoma sawasawa kama anavyowafundisha wanafunzi wake, kwamba mstari ukipanda, kitu kinaongezeka, na kina kikiongezeka, maji ni mengi zaidi.

Kweli ilikuwa kinyume chake. Kipimio kile kilikuwa kinapima umbali kutoka mdomo wa kisima hadi usoni mwa maji. Kutoka 38 hadi 44 maana yake maji yalikuwa yameshuka kwa mita 6. Mwalimu alishukuru wakati kisima kinakauka.

Kosa hili ni la mwandishi. Alipokutana na neno la kigeni aliona kwamba kamusi zinampa kina, naye akaridhika. Hakuuliza: kina cha nini, na kutoka wapi? Katika Kiswahili kina cha maji ni urefu wa maji yenyewe kwenda chini. Bahari yenye kina ni bahari yenye maji mengi. Kulitumia neno hilo kwa umbali wa kuyafikia maji ni kuligeuza chini juu.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kipimo hicho kiitwe umbali hadi maji, na mstari wake uchorwe ukiteremka kutoka juu, kama kamba inavyoteremka kisimani. La pili, ambalo ni bora zaidi, kiwambo kionyeshe kimo cha maji juu ya pampu. Hilo ndilo swali la mtunza pampu. Yeye hana haja na kina wala umbali. Anataka kujua kama pampu bado imezama, kwa maana pampu ikizunguka pakavu huungua. Mstari wa kimo ukishuka, maji yameshuka. Jicho na neno vinasema jambo moja.

(b) Hakuna

Katika sehemu ya tangi, pale kipimio kinapoonyesha kwamba maji hayatiririki, rasimu imeandika “Hakuna”. Na pale mtandao unapokatika, kipimio kisilete chochote, rasimu pia imeandika “Hakuna”, huku mstari ukianguka hadi sifuri. Mama mmoja wa Newala aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza: “Mwanangu, hapa wanasema maji hakuna, au wao ndio hawakuyaona?”

Swali hilo linatosha kuwa uhakiki mzima wa sehemu hii. Kutokuwapo kwa kitu na kutokuwapo kwa habari za kitu ni mambo mawili. Kwa mhandisi aliye mbali kuyachanganya ni usumbufu; kwa mama huyu, ni kuamua kama ateremke bondeni ama asiteremke.

Hapa lugha yetu ina hazina ambayo sisi watunga istilahi tumeizoea mno hata hatuioni. Tulitafuta nomino, wakati sarufi ya kitenzi ilikuwa imekwisha kutupa jibu. Kiambishi -ja- katika ukanushi husema kwamba jambo halijatokea lakini bado linangojewa. -Ku- husema kwamba wakati wake umepita. Kwa hiyo “Kipimio hakijaleta kipimo” na “Kipimio hakikuleta kipimo” ni habari mbili tofauti, na zote ni tofauti na “Maji hayatiririki”. Badala ya neno moja la orodha, kiwambo kiandike sentensi tatu fupi: Maji hayatiririki, Kipimio hakijaleta kipimo tangu saa fulani, Siku hii kipimio hakikuleta kipimo. Na mstari usianguke sifuri pale pasipo na habari. Uachwe wazi, kama mwandishi wa daftari anavyoacha mstari mtupu kwa siku ambayo hakufika.

(c) Saa

Rasimu imeandika: “Pampu ilifanya kazi 2:00 – 4:00”. Mtunza pampu aliisoma saa mbili hadi saa nne, kama kila mtu nchini asomavyo, kwa maana hata matangazo ya ofisi za serikali huandika saa 2:00 asubuhi kwa wakati ule ambao watu huanza kazi. Akakana kwa nguvu: asubuhi ile pampu ilikuwa imezimwa. Mashine nayo ilikuwa na haki yake, kwani kwa hesabu yake 2:00 ni saa nane usiku. Tofauti ya saa sita ilitosha kumfanya mtu mwaminifu aonekane mwongo mbele ya kamati yake.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wajifunze saa ya mashine. Wengi wameijifunza, shida si ujinga, bali ni kwamba tarakimu zilezile zina maana mbili nchini humu, na maana zote mbili ni halali. Kiwambo kinachoandika 2:00 peke yake kinamwachia msomaji kubahatisha. Dawa yake ni ndogo: iandikwe saa 8 usiku, kwa neno la wakati, kila mara bila kuacha.

Tena kuna suala la siku. Mashine huanza siku saa sita usiku, na hivyo huukata usiku katikati. Pampu inayofanya kazi usiku kucha huonekana katika nguzo mbili za siku mbili, kila moja nusu, na msomaji hudhani kwamba kazi ilipungua. Kiswahili kinaujua usiku kuwa kitu kizima, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Jumatano. Nguzo ya siku ianze saa 12 asubuhi na kuishia saa 12 asubuhi ya pili, na sehemu ya usiku itiwe kivuli. Hapo hesabu ya maji itakwenda sambamba na maisha ya wanaoyatumia.

(d) Mita na uniti

“Mita 3: mita 12.” Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika sehemu ya kuchotea maji. Mita ya kwanza ni chombo. Ya pili ni kipimo cha ujazo ambacho neno lake la pili limeachwa kwa ufinyu wa nafasi. Anayejua atajua. Asiyejua atadhani ni urefu wa bomba.

Neno ambalo wananchi wanalo ni uniti, na halifai kufukuzwa. Hata hivyo uniti ni mbili. Uniti ya maji ni mita ya ujazo 1, yaani lita 1,000. Uniti ya umeme ni kilowati-saa 1, yaani umeme unaotosha kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 100. Mtu anayenunua umeme kwa LUKU anajua vizuri mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, ambao kwa miaka kadhaa umewatenga watumiaji wadogo na wengine katika bei. Huyu akiona “uniti 12” za maji atazipima kwa mizani ya umeme, na atakosea.

Kwa hiyo neno uniti lisimame daima na kitu chake: uniti ya maji, uniti ya umeme. Na kwa upande wa maji kipo kipimo ambacho kila nyumba inakijua. Wazee hukumbuka debe. Siku hizi ni dumu la lita 20. Uniti moja ya maji ni madumu 50. Tangi la lita 50,000 likijaa lina madumu 2,500. Mama wa kamati alipoelezwa hivyo alianza kupiga hesabu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bila kumngoja mtu. Naona hiyo ndiyo alama ya kielelezo kilichofaulu.

(e) Majira

Sehemu ya mvua imegawanya mwaka kuwa vuli na masika. Mgawanyo huo ni wa haki katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita mvua za msimu. Msomaji wa Newala hana vuli ya kuitafuta katika mchoro.

Baya zaidi, miezi ya Juni hadi Septemba imetiwa rangi nyekundu na kuandikwa “Mvua chini ya kiwango”. Lakini hiyo ni miezi ya kiangazi, wakati mikorosho inapotoa maua, na mkulima hataki mvua hata kidogo. Rangi ya hatari imewekwa juu ya neema. Kiwango kilichotumiwa kilitoka mahali pengine, na neno kiwango halikusema kimetoka wapi.

(f) Sensa na rafiki

Maneno mawili ya mwisho ni ya fadhaa zaidi kuliko ya madhara. Kwa kipimio cha ndani ya tangi mwandishi aliandika “sensa”, kwa kufuata sauti ya neno la kigeni. Nchi hii ilifanya Sensa ya Watu na Makazi mwezi wa Agosti 2022, na neno hilo lina kazi yake. “Sensa ya tangi imeharibika” ni sentensi ya kuchekesha, nayo ilichekwa. Neno kihisi lipo na linafaa kwa mafundi. Kwa mwananchi, kipimio cha tangi kinatosha.

Neno la pili limo katika waraka ulioambatana na rasimu, unaosema kwamba kiwambo ni “rafiki kwa mtumiaji”. Usemi huu umeenea sana siku hizi katika waraka na hotuba, hata mifuko na majiko yamekuwa marafiki. Umenakiliwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine. Katika Kiswahili rafiki ni mtu. Huulizwa akajibu, hukosewa akasamehe. Kiwambo hakifanyi hayo. Tuseme kiwambo ni chepesi kusomeka, kisha tuthibitishe kwamba kinasomeka.

5. Mifano ya kuigwa

Isidhaniwe kwamba kazi hii imetushinda siku zote. Ugonjwa wa mikorosho unaoyavaa maua na machipukizi kwa ukungu mweupe unaitwa ubwiriunga, na mkulima aliyeuona unga huo mtini hahitaji kufasiriwa jina. LUKU nayo ni kifupisho cha sentensi nzima ya Kiswahili, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Inamwambia mtumiaji afanye nini na kwa kadiri gani, na kwa hiyo ilienea tangu miaka ya 1990 hata watu wakaisahau kuwa ni kifupisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi ya maneno yake ya hatari, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Rasimu tunayoihakiki imetunga maneno mengine ya onyo na kuyapa rangi nyingine. Hapakuwa na haja. Ngazi iliyokwisha kuzoeleka redioni ndiyo ingetumika tangini, na neno liandikwe daima kando ya rangi, kwa kuwa wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na jua la mchana hufifisha rangi zote kwenye kiwambo cha simu.

Kuhusu michoro yenyewe, tunalo la kujifunza pia kwa wengine. William Playfair wa Uskoti alipotoa michoro yake ya mistari na nguzo mwaka 1786, nia yake ilikuwa watu waone kwa jicho yale ambayo majedwali yaliyaficha. Katika miaka ya 1920 huko Vienna, Otto Neurath na wenzake walianzisha michoro ya alama za picha kwa ajili ya watu wa kawaida wa mji huo. Kanuni yao moja ilikuwa kwamba kitu kikiongezeka alama irudiwe, isikuzwe. Madumu kumi yachorwe kumi, lisichorwe dumu moja kubwa, kwa kuwa jicho halijui kulipima dumu kubwa. Miaka ya 1950, Marie Neurath alipofanya kazi kwa ajili ya serikali ya Nigeria ya Magharibi, ilimpasa kuzichora upya alama hizo zifanane na mambo ya wenyeji. Iwapo hata picha ya mtu na nyumba ilihitaji kufasiriwa, itakuwaje tudhani kwamba neno kina halihitaji?

6. Pingamizi

Yawezekana kusemwa kwamba vielelezo hivi ni vya wahandisi, na mwananchi atapewa taarifa na ofisi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama msoma mita angalikuwapo. Lakini watumia maji wenyewe, kupitia vyombo vyao vya ngazi ya jamii, ndio wanaotakiwa kushiriki katika maamuzi ya bei, matengenezo na zamu. Tangu msimu wa 2024/2025 hata minada ya korosho imeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima na mwanakamati wamekwisha kufikishwa mbele ya kiwambo. Swali lililobaki ni kama watasoma au watasomewa.

Wengine watasema kwamba sentensi ni ndefu na kiwambo ni kidogo. Ni kweli. Lakini “Maji hayatiririki” ina herufi chache tu kuliko fumbo lolote la orodha, na neno fupi lisiloeleweka huchukua nafasi yote bila kutoa chochote.

7. Hitimisho

Kwa kuyazingatia hayo, tunapendekeza kwa wenzetu wa taaluma mambo matatu. Kwanza, orodha za istilahi za vielelezo zisitolewe tena kama jozi za maneno peke yake. Kila neno lifuatane na sentensi kamili itakayoonekana kwenye kiwambo, na swali la msomaji ambalo sentensi hiyo inalijibu. Pili, kabla ya neno kupitishwa, lisomwe na watu wasiopungua wachache wa mahali litakapotumika, likiwa ndani ya mchoro wake, si katika karatasi ya orodha. Tatu, walimu wanaofundisha grafu waongeze somo moja dogo: mwanafunzi aulize kwanza mstari unapima nini, kutoka wapi, na lini haukupima.

Mwandishi amekwisha kuifuta ile orodha ya maneno arobaini na kuanza upya. Mahali pa “Kina cha maji” pameandikwa sasa: Kimo cha maji juu ya pampu. Nakala mpya itarudishwa kwa mwalimu wa Masasi kabla haijarudishwa kwa mtengenezaji, na iwapo yeye ataisoma vingine, itafutwa tena.